Kilo Kumi na Saba za Mdogo Wangu

Wiki jana niliwaacha nikiwa mlangoni kwangu, nimevaa viatu vya raba, naelekea hospitali kupimwa uzito. Wengi mmeniandikia mkinitakia heri. Mama mmoja amesema ananiombea kila asubuhi. Nawashukuru, lakini acheni kwanza, maana niliyowaeleza hayakuwa yote.

Kwa aliyejiunga leo, mambo ni haya. Mimi ni fundi cherehani, umri wangu miaka arobaini na tisa. Mdogo wangu wa kike, kitindamimba wetu, ni mwalimu wa chekechea, na figo zake zote mbili zimekufa. Presha ilimla kimya kimya miaka na miaka. Ilipogundulika, kazi ilikuwa imekwisha. Sasa analala kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara.

Figo yangu inamfaa. Ilipimwa ikaonekana inamfaa. Kasoro ilikuwa kwenye mwili unaoibeba.

"Kilo mia moja na kumi na mbili," daktari aliniambia siku ile. "Shuka mpaka tisini na tano. Presha nayo ishuke. Sukari yako bado ya kawaida, ila inapanda. Nakupa miezi sita."

Kilo kumi na saba tu. Mtoto wa mama mdogo alikuwa amejitokeza kutoa figo yake, nami nikamjibu mbele ya watu, kifua mbele: "Ndugu wa tumbo moja nipo. Wewe nenda kafanye kazi yako." Akasaini mkataba wa miaka miwili, akaenda ng'ambo. Hayo mnayajua. Na mnajua jinsi nilivyokuwa natoka alfajiri kwenda kukimbia, kumbe nakimbilia kwa mwoka mikate.

Ambalo sikuwaambia ni habari ya suruali.

Lakini nianze na mwoka mikate, maana yeye ndiye pekee aliyejua.

Duka lake liko nyuma ya uwanja wa mpira, hatua mia mbili kutoka kwangu. Mke wangu alikuwa ananiamsha, ananipa chupa ya maji, ananisindikiza mpaka getini. Nikikata kona tu, mwendo unaisha. Naingia kwa mlango wa nyuma, naketi kwenye kiti karibu na tanuri.

"Fundi," mwoka mikate akaniambia siku moja, "leo umekimbia sana. Umemaliza mikate mitatu."

"Ya jana iliyobaki, haina hesabu."

"Siagi nayo ya jana?"

Tulicheka. Mimi nilicheka sana kuliko yeye. Nikishashiba naenda kwenye bomba lake la nje, nalowesha kifua na mgongo wa fulana, narudi nyumbani nikihema. Mke wangu ananipokea na taulo. Mtu mzima, nina ndevu zenye mvi, nalowesha fulana kwa bomba.

Mtauliza, sikuwa na huruma na mdogo wangu? Nilikuwa nayo. Kila usiku niliapa kesho nitakimbia kweli. Kila alfajiri nilisema leo ni ya mwisho. Kazi yangu ni ya kukaa, nimekaa kwenye cherehani tangu nina miaka kumi na tisa, na chakula ndicho kilichokuwa kinanipumzisha. Nilidhani miezi sita ni mingi. Ilipobaki miwili, hofu ikaniingia, na mimi hofu ikiniingia nakula.

Sasa suruali.

Mke wangu alianza kunitazama kwa jicho la shaka. Nyumbani ananipa mboga za kuchemsha na kipande cha samaki, nakula kwa adabu, halafu tumbo liko palepale. Akauliza mara moja. Akauliza mara ya pili. Sikungoja ya tatu.

Nilijifungia dukani nikafumua suruali yangu ya kijivu. Kila fundi huacha akiba ya kitambaa kwenye mshono wa nyuma, ili mteja akinenepa aongezewe. Nikaitoa akiba yote. Haikutosha. Nikakata kitambaa kilekile cha kijivu, nikashona suruali mpya mfano wa ile, kiuno kikubwa kwa vidole vinne, mapaja mapana. Nikatafuta mkanda mrefu wa rangi ileile ya mkanda wangu wa zamani.

Nilipoivaa asubuhi, suruali ilipwaya kama nimeazima.

"Hebu simama," mke wangu akasema. Akaingiza mkono mzima kwenye kiuno cha suruali. "Jamani, inakuvuka!"

"Ndiyo kukimbia huko."

Akanikumbatia. Nikamwacha anikumbatie.

Wiki tatu baadaye nikashona nyingine, pana zaidi. Nilikuwa nanenepa, na kadiri nilivyonenepa ndivyo nilivyoshona pana. Mke wangu akataka kunipima kiuno kwa tepu. Nikampa ile tepu kuukuu ya kitambaa niliyoistaafisha kwa sababu ilikuwa imevutika. Tepu ikivutika inasoma pungufu, fundi yeyote anajua. Mke wangu hajui. Akasoma namba, akaiandika nyuma ya kalenda ya jikoni kwa kalamu nyekundu.

Kwa miaka thelathini mteja akiniletea kitambaa, sikuwahi kumwibia hata kipande cha kufutia mikono. Nyumbani kwangu nikawa mwizi wa namba.

Basi siku moja mdogo wangu akaja kunisalimia dukani. Alikuwa ametoka kwenye mashine, uso umevimba, miguu imevimba, anatembea akishika ukuta. Binti yangu mkubwa akamwekea kiti. Huyu binti ana miaka ishirini na tatu, ndiye anayenisaidia dukani. Kazi yake ni vifungo, pindo na pasi.

Mdogo wangu alinitazama nilivyosimama kumchukulia maji. Suruali ilikuwa imening'inia. Akaanza kulia.

"Kaka, unajinyima hivyo kwa ajili yangu?"

"Acha hayo."

"Nilikuwa nimekata tamaa, nisikufiche. Nilishaanza kugawa nguo zangu. Sasa nikikuona hivi nasema, kumbe nitarudi darasani. Watoto wananiulizia."

Binti yangu alikuwa anapiga pasi. Alisimamisha pasi, akanitazama, akaendelea.

Mimi nilimpa mdogo wangu maji. Sikuweza kumtazama usoni. Nilitamani aniite mlafi, aniite mwongo, achague tu, lakini alinishika mkono akaubusu. Nawaambia ukweli, ule mkono ulinuka siagi.

Kesho yake nilikimbia kweli. Nilifika mwisho wa uwanja, magoti yakagoma, pumzi ikakata. Nikarudi kupitia kwa mwoka mikate.

Halafu macho yakaanza.

Ilikuwa wiki mbili kabla ya siku ya mizani. Nilikuwa natunga uzi kwenye sindano, kitu ninachofanya hata nikiongea na mteja. Uzi ukakataa. Naona matundu mawili. Nikafumba jicho moja, bado ukungu. Na kiu, ndugu zangu, kiu ya ajabu. Namaliza jagi la maji, naenda chooni, narudi kunywa tena.

Nikasema ni miwani hiyo, umri umefika. Nikaingia zahanati ya mtaa wa pili kuomba waniangalie macho. Muuguzi pale, mwanamke mwenye haraka, aliponisikia habari ya kiu akaacha habari ya macho. Akanidunga kidole.

"Umekula nini leo?"

"Mkate."

"Mmoja?"

Nikamwonyesha vidole vitatu.

"Rudi kesho asubuhi, usile kitu."

Nikarudi, sijala. Akapima tena, akaandika kwenye karatasi.

"Baba, hiki ni kisukari. Kimekukuta kitambo, wewe ndiyo unakisikia leo. Uzito huo, kukaa huko, vyote vimechangia. Ukibadilika sasa unaweza kuishi nacho vizuri. Ukikipuuza kitakula macho, kitakula miguu, kitakula figo."

"Figo?"

"Figo hasa. Na watoto wako wapimwe, wajitunze mapema. Ugonjwa huu hutembea kwenye damu ya ukoo."

Nilitoka pale na karatasi yangu. Mke wangu sikumwambia. Mdogo wangu sikumwambia. Nilijipa moyo kwamba hospitali kubwa wataona wenyewe, nami nitashangaa pamoja nao. Mnaona nilipokuwa nimefika. Nilikuwa naandaa mpaka sura ya kushangaa.

Ndipo ikafika asubuhi ile ya viatu vya raba.

Mke wangu alitaka twende wote. Nikamwambia abaki, apike kitu kizuri, nitarudi na habari njema. Binti yangu alikuwa ameshatoka mapema. Nilidhani yuko dukani.

Chumba cha mizani kilikuwa kidogo, kina meza, kitanda chembamba na pazia la kijani. Daktari alinikaribisha akitabasamu. Aliona suruali.

"Naona kazi imefanyika," akasema. "Vua viatu, panda."

"Na mkanda nivue?"

"Vua hata mkanda."

Nikavua. Suruali ikateremka nusu, nikaishika kwa mikono miwili. Nikapanda mizani nimeishika hivyo, kama mtoto anayetoka msalani.

Daktari alitazama namba. Akaniambia nishuke. Akaniambia nipande tena.

Kilo mia moja na kumi na tisa.

Alikuja karibu, akashika kiuno cha suruali yangu, akakigeuza akatazama mshono wa ndani. Nafikiri mkewe hushona, kwa sababu alielewa upesi.

"Hii umeshona wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, daktari."

"Ili nani aione?"

Nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Nikajibu, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, kwamba ili wa nyumbani waione.

Akaketi. Nilitegemea anifokee, na angenifokea ningepumua. Akaongea taratibu, kwa huruma, ikaniuma zaidi.

"Fundi, mimi sikutaka upungue ili upendeze. Mtu akitoa figo moja, ile inayobaki inafanya kazi ya mbili maisha yake yote. Mafuta ya tumboni hayakai tu pale yakatulia. Yanapandisha presha, yanavuruga sukari, yanachosha moyo, na mwisho mzigo wote unaiangukia hiyo figo. Nikikupasua na mwili huu, baada ya miaka kumi nitakuwa na ndugu wawili kwenye mashine. Siwezi."

"Nipe miezi mingine mitatu."

"Mdogo wako ana miezi mingine mitatu?"

Nikaanza kuvaa viatu.

"Mishipa yake tunayoiunganisha na mashine inaziba," akasema. "Tumeshahamisha mirija mara mbili. Damu yako leo sitaipima hata, haina haja. Nafunga faili. Anza matibabu ya uzito kwa ajili yako mwenyewe, nitakuandikia mtu wa kukusaidia. Lakini kwenye habari ya figo, wewe umetoka."

Hapo ndipo ningesema habari ya kisukari. Mdomo ulikuwa wangu, mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa wawili tu. Nikafunga mkanda nikatoka.

Ilibidi nipite chumba cha mashine. Mdogo wangu alikuwa amelala, mirija miwili mkononi, mmoja unatoa damu na mwingine unairudisha. Aliponiona akainua kichwa.

"Kaka, wamesemaje?"

Nilikuwa nimejipanga kumwambia. Wallahi nilikuwa nimejipanga.

"Bado kidogo," nikasema. "Mizani yao ina matatizo, wanasubiri nyingine."

"Lakini umepungua?"

"Si unaona."

Akafumba macho, akatabasamu. "Nimemwota mwanafunzi wangu mmoja, yule mtundu. Ananiuliza mwalimu mbona umechelewa."

Nikamwambia nakuja sasa hivi. Nilienda kusimama kwenye korido, uso nimeuelekeza ukutani. Nililia, siwafichi. Nilimlilia mdogo wangu kidogo na nikajililia mimi zaidi, na hilo nalo naona aibu kuliandika.

Muuguzi wa kitengo cha figo akanigusa bega.

"Wewe ndiye baba wa yule binti?"

"Binti gani?"

"Mnafanana macho. Amekaa kule mwisho. Fomu yake imebaki ukurasa mmoja, mzazi athibitishe magonjwa ya ukoo. Nilitaka kumpigia simu mama yake, sasa bahati nzuri upo."

Nilimfuata bila kuelewa. Kule mwisho wa korido kulikuwa na benchi, na kwenye benchi alikuwa binti yangu. Pamba na plasta mkononi, sehemu ya ndani ya kiwiko, mikono yote miwili.

"Mama," nikamwita hivyo, ndivyo ninavyomwita tangu azaliwe. "Unafanya nini hapa?"

"Keti, baba."

"Nakuuliza unafanya nini."

"Hii ni mara ya nne nakuja," akasema. "Wameshapima kila kitu. Damu inaoana, figo zangu nzima, presha nzima. Mimi ndiye nitakayempa shangazi."

Muuguzi aliniwekea fomu magotini, akanipa kalamu. "Soma, kama ni sawa weka sahihi hapo chini. Nawafuata baada ya dakika tano, mgonjwa wenu anakaribia kutolewa kwenye mashine." Akaenda zake.

Nilisoma. Macho yalikuwa na ukungu, nikaisogeza karatasi mbali, nikaileta karibu. Jina la binti yangu, umri, kilo hamsini na nane. Chini yake maswali. Nikafika swali la sita: mzazi au ndugu wa damu ana ugonjwa wa kisukari? Kulikuwa na visanduku viwili. Cha hapana kilikuwa kimetiwa alama ya vema, kwa mwandiko wake.

Maneno ya yule muuguzi wa zahanati yakanirudia yote. Na maneno ya daktari, figo moja kufanya kazi ya mbili. Mtoto huyu ana miaka ishirini na tatu. Ana miaka mingapi mbele ya kuishi na figo moja, na damu niliyompa mimi?

Nikamgeuzia ile fomu.

"Mama, hapa umekosea," nikasema. "Nilipaswa kuwaambia. Mimi ninacho. Nimepimwa wiki mbili zilizopita, nina..."

"Najua, baba."

"Unajua nini?"

"Nilikuta karatasi ya zahanati mfukoni nilipopiga pasi suruali yako. Nikaisoma." Alikuwa anaongea kwa upole, kama anayemwambia mteja kwamba nguo yake imeungua. "Na suruali yenyewe niliigeuza. Mimi ndiye ninayemaliza pindo zako, baba. Ulidhani sioni mshono mpya? Nimejua tangu ya kwanza."

"Na hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

Nikaitazama fomu. "Sasa kwa nini umeandika hapana?"

"Kwa sababu nikiandika ndiyo, watanirudisha nyumbani. Watasema bado mdogo, ugonjwa uko kwenye ukoo, tumchunguze kwanza mwaka mzima. Nimemuuliza muuguzi kwa kuzungukazunguka, akaniambia ndivyo wanavyofanya."

"Basi wana sababu."

"Shangazi hana mwaka mzima. Na anko aliyetaka kutoa yake, ulimwambia aende."

"Mwanangu, ukija kuugua mimi nitaishije?"

Alichukua mkono wangu wenye kalamu, akauweka juu ya mstari wa sahihi.

"Wewe umetudanganya miezi sita, baba," akasema. "Niachie mimi uongo huu mmoja."

Mlango wa chumba cha mashine ukafunguka kabla sijasema kitu. Muuguzi alikuwa anamsukuma mdogo wangu kwenye kiti cha magurudumu. Mdogo wangu alituona, akafurahi, halafu akaona plasta kwenye mikono ya binti yangu. Furaha ikamtoka.

"Kaka," akaniuliza, "huyu mtoto wamemtoa damu ya nini?"

Muuguzi alishanyoosha mkono. "Baba, fomu iko tayari? Daktari anaingia chumba cha upasuaji sasa hivi, anataka kupanga tarehe."

Binti yangu alinibana kidole kwa nguvu akatikisa kichwa, nisiseme. Mdogo wangu alikuwa ananitazama mimi tu, anangoja nimjibu, na safari hii alikuwa tayari kuniamini tena.